Zimeni Mnara Alhamisi, Mama Mkwe Anakuja

Kwa Mkuu wa Idara ya Taa za Bahari,
Jengo la zamani la forodha, ghorofa ya pili,
mlango ule ambao kitasa chake hutoka na mkono wa mgeni.

Mheshimiwa Mkuu,

KUH: KUZIMWA KWA MNARA WENU ALHAMISI JIONI, KWA NUSU SAA TU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaokula kwa jasho la taa. Mimi ni yule mtu mfupi aliyekuja ofisini kwako siku zilizopita akiwa na ngazi. Karani wako wa mapokezi aliniambia ngazi haziruhusiwi ndani. Nikamweleza kwamba nimetoka dukani kuinunua sasa hivi, na siwezi kuiacha barazani kwa watu nisiowajua. Tulijadiliana kiungwana mpaka tukasikilizana: ngazi ikabaki ndani, mimi nikabaki nje. Ndiyo maana leo naandika.

Kama hukunikumbuka kwa ngazi, utanikumbuka kwa kibao. Mimi ndiye mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, pale kilimani panapotazamana na mlango wa bahari, meli zinapopita kwa kubanana kama watu kwenye korido. Kazi yangu ya asili ni fundi wa umeme wa magari. Nilianza kwa kuosha malori, nikapandishwa cheo nikawa mshika tochi wa fundi, na leo mimi ndiye fundi na wengine wananishikia tochi. Vyumba nimevijenga kimoja kimoja, kila injini iliyowaka ikanipa mlango au dirisha. Vilipotimia kumi na viwili nikapandisha kibao juu ya paa: herufi kumi, VYUMBA VIPO, kila herufi balbu kumi na mbili, jumla mia moja na ishirini, zote nyeupe, zinawaka na kuzima.

Sasa nimepata barua yenu. Mnasema manahodha wamelalamika kwamba kibao changu kikiwa mbali hakisomeki, kwamba huonekana kama taa moja kubwa nyeupe inayowaka sawasawa na mnara wenu ulio kule mwambani, na kwamba katikati ya mwamba wenu na kilima changu kuna fungu la mchanga ambalo chombo kikiniamini mimi kitalipanda. Mnaniamuru nikizime, au nikibadilishe rangi na kukiziba upande wa bahari, kabla ya Alhamisi.

Alhamisi, Mheshimiwa. Katika siku zote alizoziumba Mungu.

Alhamisi jioni, kwa feri, anakuja mama mkwe wangu. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kukanyaga kwangu, na kifungua mimba wetu sasa ananyoa ndevu. Kibao kile kiliwekwa pale kwa ajili ya macho yake mawili. Kikizimwa, atashuka gatini gizani, atamkuta mtu mfupi ameshika tochi, na atakuwa alisema kweli miaka yote hii. Hilo ndilo ninalolipigania, na yote yafuatayo yasomwe kwa mwanga huo, si kwa mwanga wa mnara.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu na maneno matupu hunichosha.

1. Nimeambiwa naiga.

Neno hilo limeniingia kama msumari. Ni kweli kwamba nilipokuwa nafunga kibao nilikaa juu ya paa na bisibisi, jioni baada ya jioni, macho kwenye mnara wenu na mkono kwenye kikatizo, kile kidude kinachofanya taa za kona za lori ziwake na kuzima, nikikirekebisha mpaka tukaenda sawa: mbili, giza, mbili, giza. Lakini huko si kuiga, huko ni kusoma. Mimi sikupelekwa chuo cha umeme. Mwalimu wangu wa taa yenye heshima ni huo mnara wenu, niliokuwa nikiutazama nikiwa chini ya malori ya watu, mgongo kwenye oili. Mtoto akifanana na baba yake hapelekwi mahakamani. Watu husema damu nzito, wakaendelea na safari.

Tena sikukimbilia mtindo wenu kwa uvivu. Nilijaribu mingine. Taa zikiwaka haraka haraka, nyumba ilifanana na gari la wagonjwa, na mpangaji wa chumba namba mbili akauliza nani amezidiwa. Zikiwaka polepole, mke wangu alidhani umeme unasumbua, akakimbilia kuchomoa friji, akaichomoa kila zilipozima na kuirudisha kila zilipowaka, mpaka friji ikakata tamaa. Mbili na giza ndio mtindo pekee uliofanya watu wasimame barabarani wakatazama bila kucheka. Kwa mtu wa kimo changu, hiyo si bidhaa ya kupatikana kila siku.

Mnasema kila mnara duniani una mwendo wake wa kuwaka, na umeandikwa katika kitabu cha mabaharia, ili nahodha akiuona tu ajue yuko wapi, kama vile mtu hujulikana kwa kikohozi chake. Vizuri. Naomba kuuliza tu: kitabu hicho kilipokuwa kinaandikwa, kuna aliyepanda kilima kuja kuniuliza kama nina mpango wowote na mwendo huo?

2. Mnara wenu ni mvivu.

Nimepima. Katika kila sekunde kumi, mnara huwaka sekunde mbili. Nane zilizobaki unapumzika. Kwa hesabu ya darasa la nne, hiyo ni kazi moja kwa mapumziko manne. Ningekuwa na mhudumu anayetandika vitanda viwili kati ya kumi, kisha anasimama mlangoni akiwa ameinua kidevu huku wageni wakimpiga picha, ningemwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika barua ya heshima kama hii.

Najua utanijibu kwamba hata kibao changu huwaka mbili na kupumzika nane. Ni kweli. Lakini hicho nimekifundisha mimi kwa kuwafuata ninyi, kwa hiyo uvivu wake nao ni wenu.

Tena tuangalie uwakilishi. Mnara una taa moja. Mimi ninazo mia moja na ishirini. Balbu zote za mlango huu wa bahari zikipiga kura leo asubuhi, matokeo yatakuwa yamejulikana kabla ya chai.

3. Mnara unaingia vyumbani bila kubisha hodi.

Vyumba namba saba hadi kumi na viwili vinatazama bahari. Niliviita vyumba vya mbele, nikaweka mapazia mapya. Lakini taa yenu hupita juu ya mapazia, ikamulika mgeni usoni mara mbili, ikaondoka, ikarudi. Mwuza magodoro mmoja aliyefikia namba kumi alinisubiri asubuhi penye ndoo ya maji ya kuoshea uso, macho mekundu, akaniambia: "Bwana mwenye nyumba, nilikuja kulala au kupigwa picha? Kama ni picha, naomba yangu moja niende nayo."

Mwuza magodoro, Mheshimiwa. Mtu ambaye usingizi ndio riziki yake. Hajarudi.

4. Lalamiko hili nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu, ambaye amesema linaweza kunifunga. Namba nimeiacha kwa sababu sipendi kuchezea namba.

5. Mtunza mnara wenu ananidharau.

Huyu hapa tunamwita Mluzi, kwa kuwa akipanda zile ngazi za mnara hupiga mluzi kuanzia chini hadi juu, akifika juu anakuwa hana pumzi wala wimbo. Hushuka, na mluzi tena, kuja kunywa chai kwangu. Nilipowasha kibao kwa mara ya kwanza nilimwita akione, kama mtu anavyomwita mwenzake wa fani moja. Alikitazama muda mrefu, akapuliza chai yake, akasema: "Mfupi, mimi nina bahari, wewe una kibao. Tugawane hivyo hivyo, usinifuate na nisikufuate."

Nikamwambia kwangu kuna balbu mia moja na ishirini. Akasema, "Na moja inatosha, ikiwa pale inapotakiwa." Nikamwambia kwangu mtu anapata kitanda. Akasema, "Kwangu mtu anafika, ndipo akitafute hicho kitanda." Nikamwambia chai si ya bure. Akanionyesha kikombe: alikuwa ameshaimaliza.

Tangu siku hiyo, kila akipita sokoni akiniona, husema kwa sauti ya kusikika na wauza nyanya: "Salamu kwa mnara mdogo." Nao hugeuka, na hawatazami kilimani. Wananitazama mimi.

Naomba apewe onyo la maandishi, ila lisiwe kali sana, kwa kuwa ndiye pekee anayejua kucheza karata hapa.

6. Suala la mama mkwe.

Ili uamue kwa haki, inabidi ujue lilipoanzia. Wazee wangu walipokwenda kuniposea, mama mkwe aliuliza swali moja tu: "Kijana anafanya kazi gani?" Wakamjibu, anaosha malori. Akauliza, "Ya kwake?" Wakamwambia, hapana mama, ya watu. Akainuka akasema anakwenda kutazama jiko kidogo. Hajarudi. Ndoa ilifungwa, watoto wakaja, malori nikaacha kuyaosha nikaanza kuyatibu, nyumba ikapanda, naye bado anatazama jiko.

Hanichukii, na hilo lieleweke. Ni kwamba hasemi nami. Akipiga simu nikaipokea mimi, baada ya kunitambua husema: "Mwambie mumeo ampe mama watoto simu." Mimi ndiye mume, nami ndiye niliyeshika simu, kwa hiyo hujiambia, nikajitii, nikampa mke wangu simu. Miaka kumi na tisa sasa. Nimekuwa tarishi wangu mwenyewe mpaka nimezoea, na sijawahi kuchelewesha ujumbe hata mmoja.

Mwaka huu mke wangu alimbembeleza, sijui kwa maneno gani, naye akakubali kuja. Alisema atakuja kwa feri, aone bahari, na kwamba hatakaa sana. Mke wangu aliniletea habari hiyo nikiwa chini ya basi, nikainuka ghafla kwa furaha na kupiga kichwa kwenye ekseli. Alama bado ipo, naweza kuileta ofisini kama kielelezo, ikiwa karani hana neno na alama.

Sasa fikiria jioni hiyo. Feri inaingia mlango wa bahari. Giza limeshika. Mama mkwe yuko kwenye reli, shuka begani, anatafuta kwa mkwe wake. Akitazama mwambani anaona mnara wa serikali, mrefu, mweupe, uliopakwa rangi kwa kodi zangu. Akitazama kilimani anaona nini? Kama mmezima kibao, haoni kitu. Kama hamjakizima lakini mnara umewaka, anaona taa ndogo ikifuata taa kubwa, kama mtoto aliyevaa viatu vya babaye. Mke wangu husema kibao kile ni kimo nilichonyimwa nikaenda kukinunua. Anasema kwa mzaha. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupima: kutoka kitako chake hadi juu ya herufi ya mwisho, kibao kinanizidi kwa shibiri mbili tu.

Kwa hiyo kuzima kibao hakunifai, na kukiacha huku mnara ukiwaka hakunitoshi. Mwenye akili yoyote ya hesabu ataona jibu lililobaki.

7. Manahodha wenu hawasomi.

Mnasema kibao hakisomeki kikiwa mbali. Sikutaka kubishana na jambo nisilolishuhudia, hivyo nilikodi boti ndogo, nikaenda mwenyewe mpaka katikati ya mlango wa bahari jua lilipozama, nikageuka nikatazama kwangu. Mheshimiwa, mimi ni mtu wa haki. Ni kweli herufi hazionekani. Zimeungana zikawa taa moja nzuri sana. Lakini hata bila kuziona mimi nilijua zimeandikwa nini, wakati mimi ni fundi wa magari tu. Sioni kwa nini nahodha mwenye cheti na kofia ashindwe.

Mwenye boti aliniuliza tunarudi kwa kufuata taa ipi. Nikamwonyesha yangu. Akacheka, akafuata yenu. Hilo nalileta kwenu kama ushahidi wa jinsi umma ulivyoharibiwa kwa mazoea.

Baada ya malalamiko hayo, ombi langu ni dogo kuliko barua yenyewe. Naomba Idara izime mnara Alhamisi jioni, tangu feri inapoingia mlango wa bahari hadi inapofunga kamba gatini. Ni nusu saa. Nimeyapima madhara yake kama ifuatavyo.

Kwanza, nusu saa katika wiki nzima ni kitu kidogo sana. Hata moyo wa binadamu, ukijumlisha vituo vyake vidogo vidogo, hupumzika zaidi ya hapo na hakuna anayeuandikia barua.

Pili, mlango wa bahari hautabaki gizani. Nitauazima kibao changu, bure, balbu zote, mwendo ule ule mlioniambia naiga. Nahodha hataona tofauti yoyote, nanyi mmekwisha kunithibitishia hilo kwa maandishi, katika barua yenu, aya ya pili.

Tatu, nahodha wa feri ameipita njia ile kwa miaka mingi. Mtu aliyekwenda msalani kwake miaka mingi hahitaji taa ili asiingie jikoni.

Nne, mkiona jioni hiyo imepita salama, nadhani itakuwa busara Idara ijiulize kama mnara ulihitajika tangu mwanzo. Jengo ni zuri. Kuna madirisha, kuna upepo, kuna ngazi za kumfanya mgeni alale akifika juu. Ukigawanywa vizuri nimepata vyumba sita, pengine saba kama Mluzi atakubali kulala chini. Kibao kinachofaa kupandishwa juu yake sina haja ya kukitaja.

Mimi sipigani na serikali. Mtu mfupi hapigani, husogea pembeni akaandika. Kibao nitakizima siku yoyote mtakayoitaka baada ya Alhamisi, nikikizima nitakiteremsha, na nikikiteremsha nitawaletea mkague vishikizo vyake. Lakini Alhamisi niachieni. Mtu akipewa jioni moja tu ya kuonekana, basi aonekane.

Nisalimie karani wa mapokezi, mwambie ngazi haijambo. Wasalimie wahasibu wa ghorofa ya kwanza ambao mlango wao huwa wazi na redio yao huwa juu. Msalimie dereva wako, mwambie taa yake ya nyuma upande wa kushoto imekufa, nimeiona, apite kwangu nitaifufua bila malipo na bila kuihusisha na ombi hili. Hapa mke wangu, watoto, mhudumu wa vyumba na paka wa jikoni wote wanakusalimu. Mluzi hasalimu, kwa kuwa hajui kama naandika.

Ni mimi niliye chini yako kwa cheo na chini ya watu wengi kwa kimo,

Fundi Mfupi,
Mwenye kibao.

NYONGEZA, Jumamosi.

Mheshimiwa, barua hii haikuondoka kwa wakati. Lori la soda lililokuwa liilete mjini liliungua nyaya za taa, na fundi wa kuzitengeneza hapa ni mimi, nami nilikuwa juu ya ngazi nafuta balbu kwa kitambaa chenye siki, moja moja, zote. Kwa hiyo ninyi hamkuzima mnara kwa kuwa hamkuombwa, nami sikuzima kibao kwa kuwa nilikuwa bado nangoja jibu la ombi nisilolituma. Viliwaka pamoja. Vilipendeza, kusema kweli.

Nahodha wa kila siku alikuwa likizo. Huyu aliyemshikia zamu alipoingia mlango wa bahari aliona minara miwili, mwendo mmoja. Anasema alijiuliza upi ndio wenyewe, akachagua ulio safi zaidi. Siki inafanya kazi. Feri ililipanda fungu la mchanga taratibu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, ikainama upande mmoja, ikatulia. Hakuna aliyeumia. Lilipasuka karai la mtu, nami nimekwisha kulinunua jingine.

Mluzi alishuka mnarani bila mluzi. Sikupata kumwona akishuka vile. Aliingiza mashua yake majini, tochi mdomoni, akawa anateremsha watu kwa zamu: watoto, kisha wazee, kisha wengine. Nami nikashuka kilimani na suti niliyoishona kwa ajili ya mapokezi, nikaingia. Maji yaliyomfika Mluzi kiunoni yalinifika mimi kifuani. Tulifanya kazi pamoja na hakunitania hata mara moja, nikajua jambo ni zito.

Mama mkwe alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake penye ukingo wa feri, shuka begani kama nilivyotabiri, amekataa mashua. Alisema kwa siku moja imetosha, hapandi tena chombo kinachoongozwa na mwanamume. Maji yalikuwa yanapanda. Mluzi akanitazama. Nafahamu kabisa kwamba mkwe huheshimiwa kwa mbali, na kwamba macho huinamishwa. Sikuwahi kuambiwa yafanyweje maji yakiwa yanapanda. Nikageuka, nikampa mgongo.

Akapanda. Sanduku akaliweka juu ya kichwa changu, pale penye alama ya ekseli, akalishika mwenyewe. Tukaenda. Katikati pana shimo ambalo Mluzi analijua na mimi silijui, na hapo maji yakanifika kidevuni. Nikasikia sikioni: "Usiniangushe."

Nikasema, "Sikuangushi, mama."

Hakusema mwambie mumeo asiniangushe. Aliniambia mimi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote ya miaka kumi na tisa hadi usiku ule, maneno matatu kwa jumla, na hesabu hiyo naitetea popote.

Abiria wote walilala kwangu, wengine vitandani, wengine koridoni, Mluzi chini ya meza ya chakula. Vyumba havipo. Kibao nimekizima kwa mkono wangu mwenyewe. Mama mkwe nilimwandalia namba tisa, chumba cha mbele, chini ya kibao, ili mwanga wake umfikie vizuri, naye hakukaa humo muda mrefu kabla ya kuagiza kizimwe kwa sababu kinamtoboa macho. Nilimuuliza kupitia mlangoni kama na taa ya mnara inamsumbua. Alisema hapana, ile inapita, inatazama, inakwenda zake, kama mtu aliyelelewa.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la saba, likiwemo la nne ambalo lilikwisha kufutwa. Msizime mnara, si Alhamisi wala siku nyingine, hata nikiwaandikia tena. Adhabu yoyote mtakayonipangia kwa ajili ya feri nitaipokea nikiwa nimesimama, mtanijua kwa kimo.

Nilitaka kuichana barua hii. Mke wangu akanipokonya, akampa mama yake. Alivaa miwani yangu akaisoma yote, tangu kitasa cha mlango wako mpaka sahihi yangu, na hakucheka hata pale nilipokuwa nimekusudia. Alipofika lalamiko la sita alilimaliza, akarudi mwanzo wake, akalisoma tena polepole. Kisha akaikunja, akaninyooshea mwenyewe, mkono kwa mkono. Alisema: "Ipeleke. Wakubwa nao wapate cha kusoma."

Ndiyo hii.

Wataalamu wako waliokuja jana wanasema feri haitaelea mpaka yaje maji makubwa, yale ya mwezi mpevu, labda na kuchimbachimba kidogo. Abiria wengine wameondoka leo kwa lori la soda. Mama mkwe amesema alikuja kwa feri na ataondoka kwa feri, hata ikichukua muda gani, na asubuhi hii amehamishia viatu vyake mlangoni, karibu na vyangu. Wachimbaji wako ni vijana wazuri, wana bidii. Nimewapa chai, nimewapa kivuli, na Mluzi nimemtuma na karata awafundishe.

Tafadhali, Mheshimiwa, usiwaharakishe.